Klachi Isiyoachia

Kwa Kiswahili cha gereji, klachi ina magonjwa makubwa mawili tu. Ama haishiki, ama haiachii. Mengine yote, pedeli nzito, pedeli laini, mlio wa beringi, harufu ya kuungua, ni dalili zinazokupeleka kwenye moja kati ya hayo mawili. Klachi isiyoshika utaijua mlimani: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halipandi, na baada ya muda kunanuka kama mtu anachoma mpira. Klachi isiyoachia ni kinyume chake. Injini na giaboksi vimeng'ang'aniana. Unakanyaga mpaka chini lakini gia namba moja inagoma, rivasi inasaga, na ukiwa umesimama gari linataka kwenda lenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana, watu kutotofautisha hayo mawili kulikaribia kumnyang'anya baba yangu funguo za gari.

Baba ana miaka 71. Anaishi juu kidogo ya Soni, kwenye barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Miaka mingi alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, na alipostaafu alinunua pikapu ya dizeli, mtumba, gia tano. Kwa pikapu hiyo hubeba kabichi, karoti na viazi vya majirani mpaka Mombo, kwenye barabara kuu, ambako malori ya kwenda Dar es Salaam hupakia. Hizo ndizo dawa za presha za mama. Hiyo ndiyo ada ya mpwa wangu. Anayeijua barabara ile hana haja ya kuelezwa: kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule bonde. Si barabara ya kujaribia.

Miaka miwili kabla ya hapo Baba alipata kiharusi chepesi. Mguu wa kushoto ulilegea kwa wiki kadhaa. Akafanya mazoezi ya viungo, akatembea na fimbo, akaiacha fimbo, daktari akamruhusu kuendesha. Lakini mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi, na watu hawasahau.

Habari zilianza kuja kidogo kidogo. Mara tukasikia mzee akirudi rivasi stendi gia zinalia mpaka watu wanageuka. Mara tukasikia gari limemzimikia mlimani. Halafu siku moja ya soko, akiwa amesimama kwenye foleni, pikapu ikasogea yenyewe ikagonga matenga ya nyanya. Hakuna aliyeumia. Baba alilipa nyanya, akarudi nyumbani, na alipoulizwa alisema sentensi moja tu: "Nilikuwa nimekanyaga klachi mpaka chini. Gari ikaenda."

Hakuna aliyeichukulia ile sentensi kama taarifa. Waliisikia kama utetezi wa mzee.

Kwenye grupu letu la familia kaka yangu, ambaye yuko Dar, aliandika: "Tusidanganyane, mguu wa mzee umekwisha. Tuuze gari kabla hatujaletewa msiba." Mdogo wetu akaweka alama ya kulia. Shangazi akaandika kwamba kila kitu na wakati wake. Kaka si mtu mbaya, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Anaijua ile barabara. Tena Pasaka ya mwaka ule alikuwa amekuja na akaiendesha pikapu mwenyewe, gia zikamsaga vilevile, akacheka akasema amezoea otomatiki. Yeye gia zikimsaga ni kutozoea. Baba gia zikimsaga ni kiharusi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuuza gari la mtu mwingine ni kazi nyepesi sana ukiwa kilomita 300 mbali nalo. Mimi sikuwa na jibu la upande wowote. Niliandika tu: "Nakwenda Jumamosi. Nitaangalia gari kwanza."

Hapa lazima nieleze jinsi klachi ya namna hii inavyofanya kazi, maana bila hilo hutaona kwa nini nilianza na gari kabla ya mguu.

Kati ya injini na giaboksi kuna pleti. Presha pleti huibana pleti hiyo kwenye flaiwili, na vikibanana, nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu. Ukikanyaga klachi unaviachanisha kwa muda ili ubadilishe gia. Kwenye magari mengi ya zamani, kukanyaga huko kulipitishwa kwa vyuma au kwa waya. Kwenye pikapu ya Baba kunapitishwa kwa mafuta. Nyuma ya pedeli, upande wa injini, kuna masta ya juu. Unapokanyaga, inasukuma mafuta kwenye bomba jembamba mpaka masta ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Masta ya chini inasukuma uma, uma unasukuma beringi, beringi inaikandamiza presha pleti, na pleti inaachiwa.

Kinachofanya jambo hili liwezekane ni tabia moja ya mafuta: hayabanwi. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ndiye aliyeiweka kanuni hiyo sawasawa. Ukiyasukuma mafuta yaliyofungiwa, msukumo unafika kila mahali yalipo. Kwa hiyo unyayo wako ukishuka huku, uma unasogea kule, hata kama katikati kuna bomba lenye kona tano.

Lakini upepo unabanwa. Na hapo ndipo shida ilipo. Upepo kidogo tu ukiingia kwenye bomba, sehemu ya nguvu yako inakwisha kwa kuubana upepo badala ya kusukuma uma. Mguu umeshuka mpaka chini, umefanya kazi yake yote, lakini kule mwisho uma umesogea nusu tu. Pleti haijaachiwa. Gia zinasaga. Gari linakwenda huku umekanyaga klachi mpaka chini.

Soma tena sentensi ya Baba.

Kabla sijafika, Baba alikuwa ameshaipeleka pikapu kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliizungusha gari uwanjani mara moja, akashuka, akasema: "Mzee, pleti imekwisha. Tushushe giaboksi." Bei yake, vifaa na ufundi, shilingi 450,000. Nilimpigia simu.

"Fundi, inateleza mlimani?"

"Hapana dada, nguvu ipo. Ila gia haziingii."

"Kwa hiyo inashika, ila haiachii."

Akanyamaza kidogo. "Tukishusha tutaona."

Pleti iliyolika huteleza. Huo ndio ugonjwa wake wa kawaida. Ni kweli yapo mambo ya ndani yanayoweza kuifanya klachi isiachie: pleti iliyopinda, uma uliopasuka, presha pleti iliyovunjika vidole. Lakini ili uyaone hayo lazima ushushe giaboksi, na kushusha giaboksi ni swali la mwisho, si la kwanza. Unaanza na kinachoonekana bila kufungua kitu. Kisha unakwenda kwenye kinachofunguliwa kwa spana moja. Ukikosa kote huko, ndipo unalipa laki nne na nusu.

Jumamosi nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda karibu na pikapu, amevaa shati la kazi. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Nao wamekutuma?"

"Sijatumwa, Baba. Nataka kuiona gari."

Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa pikapu ileile, nikiwa na miaka 19. Akanyanyuka, akafungua boneti bila neno.

Tulianza injini ikiwa imezimwa. Gia zote tano na rivasi ziliingia kama kisu kwenye siagi. Maana yake fimbo ya gia na viungo vyake havina tatizo. Tukawasha. Klachi chini, gia namba moja: inagoma. Rivasi: kelele. Nikamwambia apige pedeli haraka haraka mara nne, kisha aingize. Gia ikaingia bila sauti. Tukazima, tukasubiri dakika tano, tukarudia. Kanyaga moja, inagoma. Kanyaga nne, inaingia.

Hilo peke yake linasema mengi. Kama tatizo lingekuwa pleti iliyopinda, kupiga pedeli mara nne kusingeinyoosha. Kinachobadilika ukipiga pedeli ni mafuta tu: kila pigo linaongeza kidogo kwenye bomba na kuubana upepo zaidi.

Tukaangalia kikopo cha mafuta ya klachi. Yalikuwa chini ya alama ya mwisho, meusi kama kahawa. Na hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui, kwa sababu wamezoea breki. Vitambaa vya breki vikilika, mafuta ya breki hushuka kwenye kikopo hata kama hakuna kinachovuja, kwa sababu pistoni zimesogea mbele na mafuta yamefuata. Klachi ni kinyume. Pleti ikilika, vidole vya presha pleti hurudi nyuma, vinaisukuma pistoni ya masta ya chini irudi ndani, na mafuta kwenye kikopo yanapanda kidogo. Kwa hiyo mafuta ya klachi yakishuka, usiilaumu pleti. Yamevuja. Swali ni wapi.

Nikaingia chini ya dashibodi na tochi ya simu, nikapapasa pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta ya juu. Pakavu. Nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari. Masta ya chini ilikuwa imelowa, na vumbi limegandana juu yake kama uji uliokauka. Nilipovuta kile kikofia cha mpira, mafuta yakanidondokea mkononi.

Ningeweza kuishia hapo. Gari lina ugonjwa, ugonjwa umeonekana. Lakini sikuwa nimekwenda kutafuta ugonjwa wa gari peke yake. Kwenye grupu swali lilikuwa mguu, na nilijua nikirudi na habari ya raba iliyovuja, kaka angejibu kwamba vyote vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Na angekuwa sahihi kusema hivyo.

Nikamwita mpwa wangu. Ana miaka 17, anacheza mpira shuleni, miguu kama mihimili. Nikaomba rula yake ya hesabu. Nikalala tena chini ya gari na rula nikaishikilia sambamba na fimbo inayosukuma uma.

"Baba, kanyaga. Mpaka chini. Shika hapo."

Uma ukasogea milimita 6.

"Endelea kushika."

Nikahesabu kimoyomoyo mpaka 60. Uma haukurudi, maana yake masta ya juu haikuwa inapitisha mafuta kwa ndani. Nikatoa kichwa nikatazama mlangoni. Mguu wa Baba ulikuwa umetulia kwenye pedeli. Haukutetemeka.

"Achia. Sasa apande mjukuu wako."

Kijana akapanda, akakanyaga kwa nguvu mpaka kiti kikalia. Milimita 6. Nikamwambia arudie. Milimita 6.

Sikusema kitu. Nilimpa Baba rula, nikamwomba aingie mwenyewe chini aone, kijana akikanyaga. Alilala kwenye gunia taratibu, kama mtu anayeshuka mtoni, akashika rula, akasoma. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alijifuta mikono, akasema, "Kumbe hata yeye."

Kiungo cha katikati kikifa, lawama humwendea aliye mwishoni. Mtu anakanyaga mpaka chini, uma unasogea nusu, na sisi tulio nje tunaona gari tu likiruka, tunasema dereva amechoka. Nimeliona hili darasani kwangu pia: mtoto anayesemwa ni mzito wa kuelewa, kumbe haoni ubaoni. Hatuwi wabaya. Tunakuwa na haraka, na historia ya mtu inatupa jibu kabla hatujauliza swali. Aliyewahi kupata kiharusi hana ruhusa ya kuwa na gari bovu.

Fundi tuliyemwita alikuwa kijana wa palepale Soni. Alimwamkia mzee, akafungua masta ya chini kwa boliti mbili. Raba ya pistoni ilikuwa imekatika ukingoni, na ndani ya silinda kulikuwa na vijishimo vya kutu. Angeweza kuweka raba mpya tu na kuondoka na hela yake. Hakufanya hivyo. "Mzee, raba mpya kwenye silinda yenye mikwaruzo utaniita tena mwezi ujao," akasema. Tukanunua masta nzima, 45,000. Chupa mbili za mafuta ya breki, 18,000. Ufundi 20,000. Jumla 83,000.

Kutu ilitoka wapi? Kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hayohayo yanayotumika kwenye klachi, hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Maji hayo hayo hula chuma kwa ndani, na chuma kilicholika hukata raba. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dukani haifai. Kwa Baba hayakuwahi kubadilishwa tangu anunue gari. Na tafadhali, usiongeze oili ya injini humo eti mradi ni mafuta. Raba zitavimba, na utanunua masta zote mbili.

Kutoa upepo kulituchukua watu watatu. Mpwa kwenye pedeli, fundi chini na spana namba 10, mimi kwenye kikopo na chupa, kazi yangu ikiwa moja: kisikauke, maana kikikauka kinavuta upepo mpya na mnaanza upya. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" Fundi analegeza kinati, mafuta yanatoka na mapovu kupitia kijimpira mpaka kwenye chupa ya maji. Anakaza. "Achia!" Mwanzoni pedeli haikurudi yenyewe, kijana akawa anaivuta juu kwa mkono. Baba alisimama pembeni akitazama ile chupa. Ndiye aliyesema, "Mapovu yamekwisha," kabla fundi hajasema.

Nikapima tena. Kanyaga moja: milimita 14. Rivasi iliingia kimya.

Jioni ile nilituma kwenye grupu picha tatu: rula kabla, rula baada, na raba iliyokatika. Chini yake nikaandika kwamba uma ulisogea milimita 6 kwa mguu wa mzee na milimita 6 kwa mguu wa kijana. Kaka alikaa kimya mpaka usiku, kisha akapiga simu, si kwangu, kwa Baba. Sijui walizungumza nini. Najua mwisho wa mwezi alituma hela ya matairi mawili ya nyuma.

Lakini sikutaka gari lililopona litumike kuficha jambo jingine. Klachi nzima haithibitishi mguu mzima. Inathibitisha tu kwamba klachi haikuwa shahidi wa kuaminika dhidi ya mguu. Wiki iliyofuata mimi na Baba tulikwenda kwa daktari, akaupima mguu kivyake: nguvu ipo, ila unachoka mapema kuliko wa kulia. Njiani kurudi Baba alijiwekea masharti mwenyewe. Safari moja kwa siku. Hashuki Mombo giza likiingia. Siku mguu ukiamka mzito, kabichi zitasubiri. Sikumwongezea sharti hata moja. Yale yake yalikuwa makali kuliko ambayo ningethubutu kumpa.

Siku hizi ana daftari dogo kwenye droo ya gari. Kila Jumapili anafungua boneti, anatazama kikopo, anaandika tarehe na mahali mafuta yalipofika. Mwezi uliopita alinipigia.

"Yamepanda," akasema. "Kidogo tu, kama unene wa ukucha."

"Pleti inalika, Baba."

"Najua. Inalika polepole." Nikasikia akilifunga daftari. "Lakini bado inashika."

Kisha akaniuliza bei ya karoti Dar ikoje.